Fungua Kwanza, Ndipo Usalimie

Mimi bastola sikuzipenda hata siku moja, lakini zimenilisha. Mume wangu alikuwa fundi wa ngozi mjini Jinja, Msoga wa Budondo, na tulipooana alikuwa akishona viatu, mikanda na mikoba ya shule. Kisha afande mmoja wa polisi akamletea ala iliyopasuka, yaani ule mfuko wa ngozi wa kuvalia bastola kiunoni. Aliishona vizuri mno. Tangu siku hiyo kofia za serikali hazikukauka mlangoni kwetu, nami nikawa mke wa mtu anayezipimia bastola nguo kama mshonaji wa maharusi.

Wengi wa maafande hao walikuwa Wakristo wa kaskazini na wa Teso, na Kiswahili chao kilikuwa cha kambini. Majirani wakikisikia walifunga madirisha, maana miaka ile mtu aliyekuamkia kwa Kiswahili mara nyingi alikuja kuchukua kitu, au mtu. Kwetu walikuja kuchukua ala.

Nikaweka sheria. Hakuna kuvuka kizingiti changu na bastola iliyofungwa. Fungua kwanza, nione ndani, ndipo usalimie. Siku niliyomwambia hivyo afande wa kwanza, jitu zima lenye shingo nene, mume wangu alitamani ardhi immeze. Yule bwana alinitazama, akalitazama tumbo langu la mimba, akachomoa magazini, kile kisanduku cha risasi, akavuta chuma nyuma, akanionyesha.

"Sawa, mama? Sasa naweza sema habari?"

Ikawa desturi ya duka, na wageni walifundishwa na wenyeji kabla ya kufika kwangu.

Ili ala ikae sawa, mume wangu alimuuliza kila mtu kwa nini anaipenda hiyo aliyo nayo. Hapo ndipo nilipochoka kwa kucheka. Mnene wa polisi alitaka ndogo: "Kubwa inachoma mimi tumbo kama nakaa kwa gari." Mwanajeshi mmoja alitaka nzito, kwa sababu nyepesi humrukia mkononi akipiga. Kijana mwingine alipenda ile inayobeba risasi nyingi. "Kama risasi iko mingi, mama, mimi nalala mzuri." Nikamwambia anayelala vizuri kabisa ni asiye nayo, akacheka, lakini hakuiacha. Nilijifunza kwamba wanaume huzungumzia bastola zao kama sisi tunavyozungumzia sufuria: hii mpini wake unateleza, hii nimeizoea, ile mpya ya jirani ni nzuri lakini siiamini.

Kati yao wote alikuwapo afande wa magereza, mrefu, mwembamba, mtu wa kaskazini, mwenye rivolva kuukuu iliyochakaa rangi. Wenzake walimcheka, wakamwambia hiyo ni ya babu yao. Hakujali. Alikuwa amemzika rafiki yake, aliyekufa akisafisha bastola aliyodhani haina kitu.

"Hizi zingine iko na siri," alimwambia mume wangu. "Natoa magazini, nafikiri imeisha, kumbe moja imebaki ndani. Hii yangu hapana danganya mtu. Nafungua, kila mtu anaona."

Akifika mlangoni alisimama pale pale kizingitini. Alilifungua gurudumu la risasi likatokeza pembeni, akaiinua rivolva kwenye mwanga, nami nikaona matundu yake matupu. Ndipo akasema, "Salaam aleikum, mama," yeye mtu wa kanisani, kwa sababu tu alijua ndiyo salamu ya nyumba yetu. Nilimpenda yule mtu, sifichi. Akirudi kutoka likizo alituletea simsim, ule ufuta wa kwao, iliyosagwa, akaila na chapati zangu, na mwanangu wa kwanza alibebwa sana na mikono yake.

Kisha vita vikafika. Kabla mizinga haijaanza kusikika Jinja tulifunga duka, tukakimbilia Nakaloke, nje kidogo ya Mbale, kwa mama yangu. Serikali iliyokuwepo ikaanguka, na askari wake wakawa wanakimbilia kwao kaskazini wakipitia Mbale. Baadhi waliiba njiani, wakaua. Watu wakapandwa na hasira, na hasira haikuchagua: yeyote mrefu aliyesema Kiswahili cha kambini alihesabiwa kuwa mmoja wao.

Nilikuwa uani nikichambua maharage, jua limepanda, niliposikia kelele zinatoka upande wa soko. Afande wa magereza akaibuka kwenye njia yetu, shati la kazi limechanika, miguu peku. Alijua tangu Jinja kwamba kwetu ni Nakaloke, akawa ameulizia sokoni nyumba ya fundi wa ngozi aliyetoka Jinja. Nyuma yake walikuja vijana wa mtaa na mapanga na mawe. Alipofika ukingo wa ua wetu akasimama, akaniona. Mkono wake ukaenda kiunoni.

"Anatoa bunduki!"

Mawe yakainuliwa. Mimi nilielewa. Mtu anakimbizwa auawe, na bado anaikumbuka sheria yangu! Mjinga wewe, nilisema moyoni, leo salimia tu.

Mume wangu alitoka ndani mbio, akasimama katikati, mikono ameitandaza. "Anasalimia!" alipiga kelele. "Mwacheni, anasalimia!" Nani angemwelewa? Jiwe moja likampata begani, akayumba, hakutoka. Nyuma yake ile rivolva ilikuwa imeshachomoka. Afande hakumwelekezea mtu. Alilifungua gurudumu likatokeza pembeni, akaiinua juu ya kichwa cha mume wangu, na kupitia yale matundu sote tukaliona anga.

"Salaam aleikum, mama."

Nilimjibu kwa sauti niliyoitumia mara moja tu maishani, ili mtaa mzima usikie. "Waalaikum salaam, ndugu yangu. Karibu ndani."

Kijana wa mbele, ambaye mama yangu alimfundisha kusoma Kurani, alilishusha panga. Wengine wakatazamana. Nikamshika afande mkono, nikampitisha mbele yao wote hadi ndani, na mlango ulipofungwa alikaa chini sakafuni akalia kama mtoto. Mume wangu naye alilia, amelishika bega lake. Nikawapa chai.

Tulimvisha kanzu ya mume wangu, ikamfika katikati ya miundi. Rivolva ilipelekwa kwa askari wa serikali mpya ikiwa wazi, juu ya kipande cha ngozi. Afande akaenda zake kwao, na ala yake ikabaki kwetu.

Jinja hatukurudi, maana duka lilibebwa mpaka milango. Tulianza upya Mbale, tukakaa mtaa wa Nkoma. Amani ilirudi polepole, na maafande wakarudi nayo, wapya, na bastola mpya, na sheria yangu ikawa ile ile. Kila wa kaskazini nilimuuliza habari za yule mrefu wa magereza. Hakuna aliyemjua. Mume wangu aliipaka ala ya yule mtu mafuta na kuitundika msumarini, na aliyeiulizia bei alifukuzwa.

Mchana mmoja, baada ya miaka mingi, bodaboda ilisimama nje. Mzee mmoja mrefu akashuka kwa shida, akaja taratibu hadi mlangoni, akasimama kizingitini. Mume wangu aliiweka sindano chini. Mkono wa yule mzee ulikwenda kiunoni wenyewe, kwa mazoea, ukakuta shati tu. Akabaki hivyo kidogo, kama mtu aliyesahau alichotumwa. Kisha akavifungua viganja vyake vyote viwili, akaviinua kwenye mwanga ili nione.

"Salaam aleikum, mama."

"Waalaikum salaam, ndugu yangu," nilimjibu nikilia. "Karibu ndani."