Wavu wa Omena Ulionipeleka Sabaki

Niliondoka Kibera kwa hasira, sina sababu nyingine. Akina mama wa mtaa wa Kisumu Ndogo tulikuwa tumetandaza wavu wa omena, wale dagaa wa ziwani, kuvuka mto pale Mashimoni, unase takataka kabla hazijaenda baharini. Mvua iliponyesha, maji yakaingia vyumba vya kukodisha. Mwenye nyumba akaapa kuukata wavu wetu Jumatatu. "Eti mnaokoa bahari? Nani kati yenu ashawahi iona?" Watu wakacheka. Kweli, mkono haukuinuka hata mmoja.

Ijumaa asubuhi nilipanda basi la Malindi na rafiki yangu Wanjiku, muuza mitumba wa Kawangware. Kikundi chake kilitaka kutega wavu kwenye mto wao pia, ila walisubiri waone kama wetu utapona.

Jumamosi, mlangoni mwa mto Sabaki, unapoingia baharini. Mto wetu huingia mto Athi, huwa Galana, kisha Sabaki. Unabadilisha majina kama mtu mwenye kesi. Tulipokewa na Mama Kadzo, muuza samaki, mamake jirani yangu wa Kibera.

"Sasa, mathe!" Wanjiku akamsalimu.

"Huko kwenu hamuamkii?"

Tukatoa shikamoo kama watoto wa shule.

Alitupeleka ufuoni. Chupa, ndara za mpira, mitungi, nepi. Akatuonyesha wavu wa mumewe, umechanika katikati. "Mto ukijaa huko juu, sisi huku hatuvui samaki, twavua haya."

"Yametoka kwetu, mama," nikasema.

"Basi yashikeni huko huko. Mimi mto mzima nitaushika na nini?"

Niliona uchungu, halafu nikaona upumbavu wetu. Ndara haihitaji tundu la omena! Mimi mtoto wa ziwa, tena muuza omena, nilitega wavu wa samaki wadogo kwa kuwa ndio uliokuwa nyumbani. Ukanasa hata tope, ukawa ukuta, maji yakageukia vyumbani. Hapo hapo nikampigia simu shemeji yangu aliye Kisumu anitumie nyumbani kwa basi wavu wa mbuta, wale samaki wakubwa wa ziwani, wenye matundu makubwa.

Jumatatu asubuhi, Mashimoni. Mwenye nyumba alinikuta ndani ya mto, maji magotini. Wavu wa omena nilikuwa nimeshaukata mwenyewe, na akina mama walikuwa wakifunga ule wa mbuta.

"Nilisema nini?" akafoka.

"Ule uliokuletea maji nimeutoa. Huu ukitaka kuukata, anza na huu mkono wangu."

"Na bahari, uliiona?"

"Niliiona. Ndara za wapangaji wako ziko huko."

Safari hii watu hawakunicheka mimi. Mwenye nyumba alibaki amesimama pale akisubiri mvua imtetee. Ikanyesha alasiri, kubwa. Maji yakapita, chupa zikabaki, vyumba vyake vikakaa vikavu.

Nilichojifunza ni kwamba bahari inaanzia mlangoni kwetu, na anayetaka kunibishia aje tuingie mtoni pamoja. Wanjiku hakungoja mvua ya pili. Alijitwika kipande cha wavu wa mbuta kilichobaki, akashika njia ya Kawangware.