Mume wangu alipoteza macho akihesabu madoa ya jua huku Mbozi, na siku aliyoniuliza kama ilikuwa bure

Wakuu, shikamooni mnaonizidi, ingawa nadhani humu mmebaki wachache. Wengine wote marahaba.

Wiki iliyopita kijana mmoja alileta mada ya madoa ya jua, kwamba yanaongezeka na kupungua, na mtu akiyapima vizuri anaweza kukadiria miaka ijayo itakuwaje. Mkamcheka weee. Mmoja akamwambia aache bangi akalime.

Nilisoma nikakasirika, nikazima simu, nikaenda kulisha kuku. Leo nimerudi. Nitasema niliyoyaona mwenyewe, sitatia chumvi, na nilichosahau nitasema nimesahau.

Mimi ni mama mtu mzima, mjane, naishi Hasamba. Kwetu ni Tunduma, huku Mbozi nililetwa na ndoa. Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na nitamwita Mwalimu tu, maana ndivyo nilivyomwita hata baada ya kumpata Tumaini, mtoto wetu wa kwanza.

Enzi hizo hakuna Mkoa wa Songwe, wote tulikuwa Mbeya. Reli ya kwenda Zambia ilikuwa inajengwa, na vijiji vya ujamaa vinapangwa. Fundi mmoja wa reli alimwachia Mwalimu darubini mbovu, ile ya macho mawili, jicho moja limepasuka. Mwanaume akarudi nayo nyumbani amefurahi utafikiri kaleta ng'ombe.

Kwa wasiojua, jua lina sehemu zenye joto pungufu kidogo kuliko zingine, na hizo zinaonekana kama madoa meusi. Kuna miaka yanajaa, kuna miaka yanakwisha kabisa, na kutoka ukavu mmoja mpaka mwingine ni kama miaka kumi na moja. Mwalimu alisoma hilo kwenye kitabu cha jiografia, mistari michache tu. Akasema haamini mpaka aone.

Sasa hapa ndipo penye kosa, na naomba msinicheke.

Huku kwetu jua likipatwa, watu wanatoa beseni la maji uani na kuliangalia jua ndani ya maji. Tulikuta wazazi wetu wanafanya hivyo. Tuliamini maji yanalipoza jua. Mwalimu naye, pamoja na chaki zake zote, ni mtoto wa hapa hapa. Kila asubuhi kabla ya shule aliweka beseni uani, akasubiri maji yatulie, akaelekeza ile darubini kwenye jua lililokuwa ndani ya beseni.

Na mimi ndiye niliyekuwa namchotea maji. Nililalamika, ndiyo, lakini nililalamikia beseni langu la kufulia, siyo macho yake. Hakuna aliyejua.

Jua haliumi likiingia kwenye jicho, wakuu. Hilo ndilo baya lake. Miaka inapita hujisikii chochote, halafu siku moja katikati ya unachokiangalia panakuwa na ukungu.

Aliniambia jioni moja tunapukuchua mahindi. Akasema, "Mama Tumaini, kanga yako naiona, mikono yako naiona. Uso wako ndio siuoni."

Nilifikiri ananitania. Nikamwambia uso wenyewe huu umechoka, hukosi kitu. Hakucheka.

Tulikwenda hospitali Mbeya. Daktari wa macho alimsikiliza mpaka mwisho, habari ya beseni na yote, akasema kile cha katikati ya jicho kimeungua na hakiponi. Pembeni ataendelea kuona. Kusoma, kuandika ubaoni, kutambua sura ya mtu, basi.

Daktari huyo huyo ndiye aliyemwonyesha njia salama. Huliangalii jua kabisa. Unaifunga darubini isicheze, unaielekeza kwenye jua huku wewe umelipa jua mgongo, na unaliacha jua lidondoke lenyewe kwenye karatasi nyeupe. Linakuja kama sahani, na madoa yake unayaona kama mbegu za papai.

Nilidhani tukitoka pale ataiuza ile takataka. Njiani kurudi, ndani ya lori la pamba la mtu, akaniambia kwamba kuanzia kesho mimi ndiye nitakayeangalia.

Nilinuna wiki nzima. Halafu nikaanza.

Karatasi nyeupe enzi zile ilikuwa adimu kama sukari. Tulitumia migongo ya kalenda za chama cha ushirika. Darubini tuliifunga kwenye kigoda kwa mpira wa baiskeli. Mimi nachora, yeye anakaa pembeni ananiuliza. Madoa yaliyokaa pamoja ni kundi, kila kundi unalihesabu kumi, halafu unaongeza doa moja moja. Nikikosea kujumlisha anajua hata kabla sijamaliza.

Alikuwa na sheria moja tu. Andika ulichokiona. Kukiwa na mawingu, andika mawingu. Usilisaidie jua.

Hiyo sheria niliichukia wakati wa masika, nasimama uani saa nzima kuandika neno mawingu.

Lakini sikilizeni. Kabla macho hayajaisha, yeye mwenyewe aliwahi kuona ule ukavu, katikati ya miaka ya sabini, jua safi miezi na miezi. Kutoka hapo akasema yatapanda, na yatajaa kabisa mwishoni mwa muongo. Miaka ile ya baada ya vita vya Kagera, dukani hakuna sabuni, hakuna chumvi, mimi nilikuwa nachora mpaka mkono unauma. Jua limetapakaa madoa kama maharage ya soya. Alipatia.

Kisha akasema yatashuka, na kufika katikati ya themanini, au mwaka mmoja mbele, jua litakuwa safi tena. Akalisema hilo mbele za watu, kwenye mkutano wa kijiji.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Watu walitaka awaambie mvua. Mtu anayejua jua lazima ajue mvua, au siyo? Mwalimu akajibu kwamba yeye anahesabu madoa, mambo ya mvua hayajui na hatadanganya. Mkutano ukaguna. Kaka yake, shemeji yangu mkubwa, aliinuka akasema maneno ambayo sijayasahau mpaka leo.

"Umetoa macho yako, na hata siku ya kupanda huwezi kutuambia. Hayo madoa yanamfaa nani?"

Mwalimu alikaa chini. Tulirudi nyumbani nimemshika mkono.

Niliumia kuliko yeye. Nilikuwa najiuliza swali hilo hilo kila nikiona wenzangu wanajengewa na waume zao, wangu anatambua wageni kwa sauti.

Miaka ikaenda. Madoa yakapungua kama alivyosema. Halafu akaanza kuugua kifua. Alikohoa kiangazi kizima, akakonda, mpaka akawa hatoki tena uani. Nikawa napima peke yangu, naingia ndani kumpa majibu kitandani.

Na jua likawa safi. Leo safi, kesho safi, juma zima safi. Kila nikisema "safi" anatabasamu, anakula vijiko viwili zaidi vya uji. Siku moja akanishika mkono, akasema, "Nataka tu nijue sikuyatoa macho bure. Likikaa safi hivi hivi, nitajua."

Mnaelewa nilivyobebeshwa? Raha yote ya mgonjwa wangu iko kwenye neno moja ninalotoka nalo uani.

Sasa asubuhi ile. Mawingu yalikuwa yamefunika siku kadhaa, siku hiyo yakafunguka. Naelekeza darubini, sahani ya jua inatulia kwenye karatasi, naona doa.

Dogo. Kama kinyesi cha nzi.

Nikasema ni uchafu. Nikafuta kioo kwa upindo wa kanga. Lipo. Nikaizungusha darubini, maana uchafu ungezunguka nayo. Halikuzunguka. Nikasogeza karatasi. Lipo pale pale, juu kule, mbali na katikati.

Jamani, nilikaa chini kwenye vumbi. Niliomba, sioni aibu kusema, niliomba Mungu wingu lirudi niandike mawingu.

Ndani akaniita. "Mama Tumaini, vipi leo?"

Neno "safi" lilikuwa mdomoni kabisa. Nani angejua? Yeye haoni. Shemeji hajali. Jua lenyewe halisemi. Ningesema safi, angekula uji wake, basi.

Sijui kilichonizuia. Labda ni zile asubuhi zote za kuandika mawingu.

Nikaingia, nikamwambia, "Lipo moja."

Akageukia ukutani. Nikasimama mlangoni nalia kimya kimya, najuta, naulaani mdomo wangu. Nikaona nimemuua mume wangu kwa ukweli wa kipuuzi.

Baadaye akauliza taratibu, "Liko wapi?"

Nikamwambia juu, mbali na katikati, karibu na ukingo.

Akageuka. "Una hakika? Halipo karibu na mstari wa katikati?"

Nikasema nina hakika, nimefuta kioo, nimezungusha, lipo juu.

Mtu ambaye hakuwa ameinuka mwenyewe tangu mavuno aliinuka akakaa. Akaniambia kitu ambacho hakuwahi kunifundisha, kwa kuwa hakikuwahi kuhitajika. Madoa ya mzunguko unaokufa, ile miaka kumi na moja, hukaa karibu na mstari wa katikati ya jua, kama ikweta yake. Ya mzunguko mpya yanazaliwa mbali, juu au chini, na la kwanza hutokea wakati ule wa zamani haujamalizika sawasawa. Aliliona moja kama hilo mwenyewe, enzi za beseni.

"Hilo si la zamani," akasema. "Jua linaanza upya, pale pale niliposema. Kumbe nimelifikia."

Akalia. Na mimi nikalia, lakini sasa kwa sauti.

Alimwita kaka yake siku hiyo. Shemeji akaja, akasimama uani, nikamwonyesha kwenye karatasi. Aliangalia muda mrefu. Kisha akaingia ndani, akakaa kitandani kwa mdogo wake mpaka jua likazama. Walichoongea sikijui, sikuuliza.

Mwalimu alifariki kabla kahawa haijaiva. Kabla ya hapo alinitajia yatakapojaa tena. Niliendelea kuchora peke yangu, na yalipojaa, yalijaa karibu kabisa na pale aliposema. Nilikwenda kumwambia kaburini. Najua wengine mtacheka.

Nilichojifunza nakisema kwa ufupi. Kwanza, msiangalie jua, siyo kwa beseni, siyo kwa kioo cha moshi, na likipatwa waiteni watoto ndani mkayaondoe hayo mabeseni. Maji hayapozi jua. Pili, ningesema safi siku ile, ningempa raha ya siku moja na ningemnyima kile alichokisubiri kwa macho yake yote mawili. Aliondoka anajua, na aliambiwa na mimi.

Yeye aliondoka ananikumbuka kwa uso wa usichana, maana huu wa uzee hakuwahi kuuona.

Haya, nimemaliza. Wewe uliyemwambia yule kijana akalime, nakuomba uanze kuchangia. Ungekuwa mlangoni pale, karatasi mkononi na mgonjwa anakuuliza, ungesemaje?