Faili Likizaliwa Wazi

Pale kwenye kiwanda cha uchapaji walimwita Mzee Waya, na yeye alilipenda jina hilo kuliko cheo chake. Kompyuta zote za kiwanda, zinazotumia mfumo wa Linux, alizitengeneza yeye. Tena alikuwa mbishi. Aliuacha mpangilio ule zilizokuja nao: faili likizaliwa, mwenyewe analisoma na kulibadilisha, wengine wote wanalisoma tu. "Sisi hapa ni ndugu," alisema. "Tufichane nini?" Maneno matamu hayo, mpaka yamguse mtu wa kwako.

Yalimgusa bintiye, mpanga kurasa chumba cha pili. Tangu mama yake afariki, binti alikuwa akimwandikia marehemu kwenye kompyuta ya kazini kila wakati wa mapumziko, akimweleza habari za nyumbani kama vile yuko safarini. Siku moja mkata karatasi, aliyefungua faili lake, akapaza sauti mbele ya watu: "Kumbe Mzee Waya anakoroma kama jenereta!" Watu wakaangua kicheko. Binti hakucheka. Akaacha kuandika kabisa, na nyumbani akawa mtu wa ndiyo na hapana.

Mzee jambo hilo lilimkaa rohoni. Akaishika umask, ile amri inayopanga faili jipya linyimwe ruhusa zipi, akaiweka 077: mwenyewe apate, wengine waambulie patupu.

"Andika kwa raha zako, mwanangu," alimwambia.

Kesho yake mkata karatasi akaja na maneno mengine ya binti, kutoka mafaili ya zamani. Mzee akajishika kichwa. Umask huyahusu mafaili yatakayozaliwa. Yaliyokwisha kuzaliwa hubaki na ruhusa zake. Jambo hilo amewafundisha watu tangu ana nywele nyeusi, na siku ya mwanawe akalisahau. Haraka haraka haina baraka, hata kwa mafundi. Akayafunga ya zamani yote kwa chmod, amri ya kubadili ruhusa, bila kufungua hata moja. Mkono ulimwasha, tusidanganyane. Humo mlikuwa na mkewe.

Wenzao walipoondoka, binti alimfuata.

"Baba, sasa hakuna anayeweza kusoma?"

Angejibu hakuna, mambo yakaisha. Lakini uongo mtamu hakuuzoea.

"Mimi naweza, mwanangu. Msimamizi wa mfumo hazuiwi na ruhusa yoyote. Hilo sina dawa yake."

"Umesoma?"

"Sijasoma, na sitasoma. Ila wewe una pa kuzungumzia naye. Mimi sina, na namkumbuka mno."

Kumbe miezi yote hii binti alidhani analia peke yake katika nyumba ile. Akavuta kiti cha pili, akaiwasha kompyuta yake upya.

"Kaa, baba. Leo nianze na salamu zako. Nimwambie nini?"

Mzee Waya akakaa. Alilia kwanza, bila haya, kisha akaanza kusema, na binti akaandika.