Gogo Jepesi

Baridi ya Sumbawanga inapoanza kung'ata, mahindi yakiwa yamekauka shambani na upepo ukipita kwenye mabua, hunijia sauti ya mjukuu wangu akisema, "Babu, pigana kama mtu mzima." Aliniambia hivyo jikoni kwetu, miguu ameisogeza karibu na jiko la mkaa, simu mkononi. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye stuli mbele yake, na simu yangu mkononi, na kwa jioni hiyo nilikuwa dude la mawe.

Mjukuu wangu alikuwa amemaliza kidato cha nne Kasanga, kule ziwani, kwa wazazi wake, akaja kukaa kwetu akisubiri kupangiwa shule ya kidato cha tano. Miezi ile ya kusubiri ni mirefu kwa kijana. Alichambua maharage na bibi yake, alitumwa sokoni, alirudi, na kabla sijajua alikuwa ameshaupata mchezo wa simu ambao vijana wa mjini waliucheza kila Jumamosi kwenye kibanda cha fundi simu mmoja, nyuma ya soko.

Katika mchezo huo kila mtu ana kundi la wanyama wa ajabu. Huyu anatema moto, yule ni wa maji, mwingine ni wa majani. Mnawatoa mmoja mmoja na kupigana kwa zamu, na kwa kila zamu unachagua jambo moja tu: kupiga, au kujinoa ili pigo lijalo liwe zito zaidi, au kumrudisha mnyama wako zizini na kumtoa mwingine. Anayeishiwa wanyama ameshindwa. Neno "zizini" ni langu. Mjukuu alilicheka, kisha akalizoea, na baadaye nikawasikia hata vijana wa kibandani wakilitumia.

Fundi simu alikuwa na mnyama mmoja aliyewaharibia wenzake starehe yote. Lilikuwa dude la mawe lenye kichwa kipana, vijana wakaliita Greda. Greda likishajinoa mara mbili, habari imekwisha: kila pigo lake ni mnyama mmoja chini, mpaka kundi zima limelala. Fundi mwenyewe hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na mdomo. "Karibu kiti, dada," alimwambia mjukuu wangu kila Jumamosi. "Leo unataka ulimwe kuanzia upande gani?"

Mjukuu alitaka kitu kimoja tu kabla hajaondoka: kumshinda fundi yule, hata mara moja. Shule za bweni haziruhusu simu. Akishapanda basi, basi.

Akaitafuta dawa, akaipata. Ilikuwa kobe wa matope, mnyama ambaye hakuna aliyemtaka kwa sababu hawezi kumuumiza mtu. Lakini kobe huyo ana ukelele mmoja. Akiupiga, adui anakimbilia zizini, na makali yote aliyojinoa yanapotea, itabidi aanze upya. Shida yake ni uzito. Greda hupiga kwanza, kobe ndiyo afuate. Kwa hiyo mambo yote yalisimama hapo: je, kobe ataweza kulihimili pigo moja la Greda akabaki na pumzi ya kupigia kelele?

Bibi yake aliinama kuitazama picha ya kobe kwenye simu.

"Huyu mwenye shingo fupi ndiyo mimi?"

"Ndiyo wewe, bibi. Akipiga kelele, babu anakimbia."

Tangu siku hiyo mke wangu akawa na jina jipya humu ndani: Kobe.

Ili ajifunze, mjukuu alinitengenezea Greda kwenye simu yangu, sawasawa na lile la fundi, akaniambia niwe fundi. Nilikuwa mwanafunzi mgumu, lakini vidole vilizoea. Kila jioni, ugali ukiwa motoni, tulipigana.

Hapa lazima nirudi Mwazye, nilikokulia, kabla sijaja mjini kufanya kazi ya ghala la nafaka. Baba yangu alilima kwa maksai, na mimi ndiye niliyewafundisha ng'ombe wake. Ng'ombe mchanga hafungwi plau siku ya kwanza. Anatiwa nira pamoja na mzee aliyezoea, na nyuma yao mnafunga gogo jepesi, waliburuze tu njiani mpaka shingo ikubali. Kisha gogo linabadilishwa, linakuja zito kidogo, na jingine zito zaidi, hata siku plau inapoingia ardhini ng'ombe hashtuki. Ukiharakisha, atalala katikati ya mfuo, na akishajua kulala humfundishi tena.

Mjukuu wangu nilimfundisha hivyo. Greda langu nililinoa mara moja tu. Zamu ya pili, kobe akitolewa, pale ambapo fundi angelinoa tena, mimi nilichagua kipigo cha mkia, pigo la kukwaruza. Kobe alibaki hai, akapiga ukelele wake, na Greda likakimbia. Mjukuu aliruka, bibi akageuka na mwiko mkononi kuuliza kuna nini. Nilikusudia kuongeza uzito kesho yake. Nilikusudia hivyo kila jioni. Lakini alikuwa akicheka huku kichwa amekitupa nyuma, kama baba yake alivyokuwa akicheka zamani, kabla hajawa mtu wa mizigo na maboti, na kesho nilitaka kukisikia tena kicheko kile.

Jioni moja alinitazama kwa mashaka. Ndipo aliponiambia nipigane kama mtu mzima.

"Nguvu zangu zote ndizo hizo," nikasema.

Jumamosi yake ya mwisho nilimsindikiza. Vijana waliniamkia, wakanipisha kwenye benchi katikati ya nyaya za chaji.

"Dada, leo umekuja na mlinzi," fundi alisema.

"Amekuja kuona Greda likitolewa matairi."

Kibanda kizima kilicheka, na fundi naye akacheka. Mjukuu alicheza vizuri kuliko nilivyowahi kumwona. Aliangusha wanyama wa fundi mmoja baada ya mwingine, hadi fundi akanyamaza, na fundi kunyamaza lilikuwa jambo geni. Kisha Greda likatoka. Likajinoa. Mjukuu akalipiga kwa ndege wake wa moto, kama alivyozoea nyumbani, halafu zamu iliyofuata, bila haraka, akamtoa kobe. Katika zamu hiyohiyo Greda likajinoa mara ya pili.

Mimi peke yangu pale kwenye benchi nilijua kitakachotokea. Pigo moja, kobe chini, ukelele haukutoka. Mjukuu aliendelea kuitazama simu kama mtu aliyeibiwa mbele ya macho yake. Wanyama waliobaki hawakuchukua muda.

"Pole, dada," fundi alisema, na safari hii hakuongeza neno.

Tulirudi kwa miguu. Tulipofika mahali ambapo kelele za soko zinaisha, akasimama.

"Babu, nyumbani ulikuwa unalinoa mara mbili?"

"Hapana. Mara moja."

"Kwa nini?"

Nikamweleza habari za maksai na gogo. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono ameificha ndani ya sweta.

"Sawa," akasema. "Na hilo gogo ulilibadilisha lini?"

"Sikulibadilisha."

Akatangulia njia. Mezani kulikuwa na ugali wa ulezi na migebuka, samaki wa ziwani kwao aliowapenda, lakini alikula kidogo. Bibi yake aliuliza kama kuna msiba ambao hajaambiwa.

Kesho yake, tulipotoka kanisani, alivuta stuli akaniwekea simu yangu mapajani. "Nipige," akasema. Nikampiga. Nililinoa Greda mara mbili, nikalilaza kundi lake lote, naye akaanza upya, nikampiga tena. Mke wangu alivumilia, kisha akashindwa.

"Mwonee huruma mtoto."

"Bibi, nakuomba usimwambie hivyo tena," mjukuu alisema, macho yakiwa kwenye simu.

Mchana ulikuwa umeanza kugeuka alipoona kile ambacho nilikuwa nimemficha kwa upole wangu. Pigo lile la ndege wa moto lilikuwa la tamaa. Alikuwa amelizoea kwa sababu nyumbani muda ulikuwepo, na muda huo nilikuwa nikimpa mimi. Safari hii alimtoa kobe mapema, zamu ileile Greda lilipojinoa kwa mara ya kwanza. Nikalipigisha kwa nguvu zangu zote. Kobe akabaki na uhai mwembamba kama uzi, akapiga kelele, na dude langu likaenda zizini likiwa butu. Nililirudisha, akalifukuza tena. Mwisho alinimaliza. Hakuruka. Aliweka simu chini, akanitazama.

"Hujaniachia?"

"Sijakuachia."

Aliendelea kunitazama kabla hajakubali, na sina hakika kama alikubali. Asubuhi iliyofuata tulimpeleka stendi.

Aliporudi likizo, fundi alikuwa amehamia Tunduma na kibandani kwake kunauzwa chipsi. Vijana walikuwa na mchezo mwingine. Hakumshinda kamwe. Nimelifikiria jambo hilo kuliko linavyostahili, maana ni mchezo tu, kila mtu ananiambia hivyo. Lakini dawa alikuwa nayo, akili alikuwa nayo, na Jumamosi ile ingekuwa yake kama ningempa uzito aliouomba. Nilipenda kumwona akishinda, nikamnyima kushinda.

Likizo zile tuliendelea kucheza, palepale jikoni. Kila aliponishinda aliuliza, "Hujaniachia?" nami nilijibu, na kila mara alinitazama vilevile. Sikumlaumu.

Sasa yuko chuoni Mbeya. Tunacheza kila mtu na simu yake, mtandao ukikatika tunasubiriana. Wiki iliyopita alinichoshea Greda vibaya, akalimaliza, kisha akanipigia. Nikakaa tayari na jibu langu.

"Babu, hapa baridi mpaka mifupani. Huko je?"

"Huku upepo tu."

"Haya, nina kipindi. Msalimie Kobe."

Akakata. Nilibaki na simu sikioni kidogo, nikisubiri swali ambalo halikuja. Kisha nikainuka, nikaenda jikoni kufikisha salamu.