Beringi ya Tatu

Muuza spea pale Bariadi aliniwekea maboksi mawili ya beringi juu ya kaunta: standadi, na nene zaidi kwa krenki, ule mhimili wa injini, iliyokwisha kuchongwa. Nichague. Nitajuaje, mimi? Akaniambia nilete ile ya zamani kama sampuli, maana akishauza hapokei tena.

Nilirudi gereji nimenuna. Gari lenyewe, la spoti, kuukuu, la milango miwili, nilikuwa nimepewa na baba mdogo, mume wa marehemu mama mdogo. Lilikaa miaka chini ya turubai. Niliendesha kidogo tu, injini ikaanza kugonga.

Mama yangu hakutaka kuliona uani. Mdogo wake alishikwa na uchungu wa kujifungua huko Bukundi, akaletwa hospitali na gari hilo la mbio, polepole, kama mtu anayeswaga ng'ombe. Dereva wa lori la pamba aliyewapita njiani ndiye aliyesimulia. Walifika wamechelewa, akafa, yeye na mtoto.

"Alilihurumia gari kuliko mdogo wangu," mama husema. Tangu siku hiyo hajamsalimia shemeji yake, na ukoo mzima tulimfuata mama.

Fundi alilala chini ya injini, akafungua konrodi, mikono ya pistoni, moja moja. Beringi mbili za kwanza zilitoka, vyuma. Ya tatu alipoitoa alinipa mkononi. Kitu cheusi, kinanuka oili. Nilikibonyeza, kikakunjika.

"Chuma gani hiki?"

"Si chuma, bosi. Ngozi ya ng'ombe."

Alinieleza kuwa mafundi wa porini, beringi ikifa na duka liko mbali, hukata ngozi, wakailoweka oili, wakafunga.

"Hapo unaendesha kwa kubembeleza," alisema. "Ukikanyaga mafuta inachanika, injini inakaba. Hufiki kabisa."

Alipima krenki, akasema nichukue standadi; aliyeendesha aliitunza. Sikumsikia vizuri. Nilimpigia baba mdogo palepale, nikamtajia ile ngozi.

"Beringi nilishaagiza Mwanza," alisema. "Uchungu ukawahi."

"Kwa nini hukutuambia, baba?"

"Mama yako hakuniuliza. Alinihukumu tu."

Nilimkuta mama anapepeta choroko. Nilimweleza yote, nikamwekea ile ngozi kiganjani.

"Mayu, angekimbiza wangelala njiani."

Aliikunja, akaikunjua. Nilitegemea abishe, maana kubisha ndiyo kazi yake. Hakubisha. Ungo ulimteleza mapajani, choroko zikamwagika, wala hakuzitazama.

"Pale kaburini," alisema, "alipochota udongo amzike mke wake, nilimpiga mkono. Nikaumwaga wote."