Kikombe cha Chai na Misumeno Miwili

Sisi tuliokulia kambi za mbao, kule porini Geita, tulijua kutofautisha misumeno ya mnyororo kabla hatujajua kusoma. Nikisikia mngurumo mzito wa taratibu, najua ni baba. Ukija mlio mwembamba wa haraka, ni mjomba Shija, kaka yake mama.

Wa baba ulikuwa mwekundu, rangi imebanduka. Tuliuita Nzagamba, dume la ng'ombe. Kuuwasha ni kuvuta kamba mpaka bega liume, lakini ukishazama ndani ya gogo la mninga haukwami. Wa mjomba wa njano ulikata upesi, ila gogo likiwa nene unaanza kuhema.

"Shemeji, huo wako unalia kama mbuzi aliyefungwa," baba humtania.

"Na wako unakoroma kama mzee aliyeshiba ugali."

Mwaka mmoja petroli ilipatikana kwa kubahatisha, ikabidi uchaguliwe msumeno mmoja tu wa kukata magogo ya kuzuia kuta za mashimo ya dhahabu zisibomoke. Kwa nguvu, Nzagamba alishinda, kila mtu aliona. Kikabaki kipimo cha pili, cha kambi yetu: ukizima tu msumeno, unashika kikombe cha bati kilichojaa chai pomoni. Msumeno unaoumiza mikono, chai inamwagika, na huo unaachwa. Mjomba akasema shahidi niwe mimi. "Kabula hata kusalimia anaona aibu, uongo atautoa wapi?"

Chai ya mjomba ilicheza, haikumwagika. Baba alipokishika chake aliwapa wenzake mgongo, akanigeukia. Chai ilimtiririka vidoleni mpaka kwenye kiwiko.

"Sema, mama," akaniambia taratibu.

"Haijamwagika."

Mjomba akacheka, akampiga baba begani, akaufunika msumeno wake kwa gunia.

Miaka yote iliyofuata baba alikata na Nzagamba. Sasa niko kidato cha tatu, na nyumbani ni Kagongwa, mji mdogo tuliohamia. Vijana wa siku hizi wana visumeno vya kubeba kwa mkono mmoja, na bado wanalalamika mgongo. Ukiwaonyesha Nzagamba watauliza trekta lenyewe liko wapi. Visumeno vyao vinalia kama inzi kwenye chupa. Mimi nautamani ule mngurumo uliokuwa unaingia mpaka kifuani, sitadanganya. Halafu nikirudi likizo namfunga baba vifungo vya shati, maana kwa miaka ya kutetemeshwa na Nzagamba vidole vyake havihisi kitu. Chai anainywa kwa mikono miwili. Masikio nayo yameziba.

Wageni wakija bado anajisifu kwamba siku ile mkono wake haukutetemeka. "Muulizeni Kabula." Naitikia kwa kichwa.

Nataka kumwomba msamaha. Maneno ninayo, nimeyafanyia mazoezi bwenini. Lakini ili baba asikie lazima nipaze sauti, mtaa mzima usikie, na mjomba anakaa nyumba ya pili. Nami hata shikamoo huitoa kwa sauti ya chini.