Miezi Mitatu Niliyomtafsiria Mama

Nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni nikiwa na ndevu nyingi kuliko mwalimu wa hesabu, na Kiingereza nilichotoka nacho kilinipa kazi moja tu: kutafsiri filamu. Kuna kibanda umiza kimoja cha kuonyeshea filamu, Nyakato, mabati juu, mbao pembeni, na televisheni kubwa kama mlango wa kanisa. Mimi nakaa pembeni yake na kipaza sauti. Mzungu anasema maneno matatu, mimi nasema thelathini. Watu hawaji kusikia alichosema mzungu. Wanakuja kumsikia dijei, na dijei ni mimi.

Mwenye kibanda alinipa amri moja siku ya kwanza. "Hawa wametoka kiwandani wamechoka. Mtu asitoke hapa analia. Hata wakifa wote mwishoni, wewe wafufue."

Nikawafufua. Nimefufua maaskari, wachumba, mbwa, na meli nzima iliyozama na watu elfu mbili. Nadhani nimefufua wengi kuliko manabii wote wa Mwanza wakijumlishwa.

Jumamosi ile mama aliomba kuja kunisikia. Tulikuwa tunaishi wawili, Kiseke, na hakuwahi kukanyaga kibandani. Nilifurahi, au tuseme nilijua kwamba hapo mtu hufurahi. Tangu ugonjwa wake uanze, kuna kitu ndani yangu kilikuwa kimekufa ganzi kama mguu uliokaliwa. Nachekesha benchi kumi na mbili, mwenyewe nasikia kama nasikiliza redio ya jirani.

Ugonjwa wenyewe ulianza kwa furaha. Mama, mtu wa kuongea kwa vituo, akaanza kuongea bila kupumua. Halali, hachoki. Alifagia nyumba yetu, akafagia ya jirani, akafagia barabara karibu afike Buzuruga. Kisha akatangaza harusi yangu. Bibi arusi hakuwepo, hata wa kusingiziwa. Lakini alipiga simu Magu, akapiga Sengerema, na ndugu wakaja kweli na kuku kumi na saba na ng'ombe mmoja, wakamfunga kwenye nguzo ya umeme. Shangazi mmoja alinivuta pembeni. "Tuambie tu ukweli, baba. Ana mimba ya miezi mingapi?" "Nani, shangazi?" "Huyo mkeo." Nikamwambia hakuna mke. Akaniangalia kama mwizi.

Ndugu walipoondoka, mama alishuka. Wiki tatu alilala kageukia ukuta. Nilimlisha uji kwa kijiko, na kila kijiko kilikuwa safari ya kwenda Bukoba na kurudi. Ndipo nikampeleka hospitali.

Daktari alikuwa kijana mpole. Mama alilala kwenye kitanda cha vipimo, nusu yupo, nusu hayupo, kwa hiyo daktari alinitoa hadi kwenye korido akanieleza mimi. Aliutaja ugonjwa, baipola, akasema ni hali ya hisia kupanda juu kupita kiasi na kushuka chini kupita kiasi. Dawa zipo. Zitamshikilia katikati. "Ila ni za muda mrefu," akasema, "na huenda ni za maisha. Akijisikia mzima asiache. Hapo ndipo wengi wanapoanguka." Akataka tuje kumwona baada ya miezi mitatu.

Nikarudi ndani. Mama akafungua jicho moja. "Kasemaje?"

"Kasema miezi mitatu tu, mama. Miezi mitatu, umepona, tunacheza ngoma."

Sikuona kama nimedanganya. Nilikuwa nimetafsiri.

Na dawa zilimshikilia kweli. Alianza kupika, kuoga, kusalimiana na watu. Kila asubuhi aliweka kidonge mdomoni mbele yangu, akanywa maji, nami nikaenda zangu kazini. Miezi mitatu ikapita. Siku ya kwenda kliniki akasema ana mgeni, twende nyingine. Nilikubali haraka mno; vidonge nikawa nanunua duka la dawa, wiki zikapita.

Basi Jumamosi ile, saa nane mchana, mama alikaa benchi la tatu na khanga yake ya kutokea. Watu wakamshangilia: "Shikamoo mama dijei!" Akaitikia marahaba kama mara arobaini. Kwa kawaida filamu naitazama kwanza nyumbani, lakini ile niliibeba tu, kwa kuwa kwenye kasha kulikuwa na picha ya basi la njano. Nikajua ni ya kufukuzana.

Haikuwa ya kufukuzana. Ilikuwa ya mama mmoja, dereva wa basi la shule, mwenye mume na mwana mmoja. Dakika ya kumi akaanza kuongea bila kupumua. Dakika ya ishirini akalichukua basi likiwa tupu, akaliendesha hadi baharini, akacheza peke yake kwenye mchanga. Mdomo wangu ukaendelea. "Mama kavuta bangi ya Tarime huyu! Jamani, nauli ya baharini bure!" Kibanda kikacheka hadi mabati yakalia. Mimi nilikuwa nimeshajua natazama nini. Sikusikia uchungu, sikusikia aibu. Vidole tu vilikuwa baridi kwenye kipaza sauti, na nje kulikuwa na jua la kukaanga dagaa.

Wakamlaza hospitali yule mama, wakamrudisha nyumbani. Ikaja sehemu ya jikoni. Mwanawe anampa kidonge na bilauri ya maji. Anaweka mdomoni, anakunywa, anatabasamu. Mtoto anatoka.

"Kameza!" nikasema. "Safari ya kupona imeanza, makofi kwa mama!"

Watu wakapiga makofi. Kutoka benchi la tatu ikasikika sauti ya mama yangu, wala si ya juu sana.

"Hajameza huyo."

"Mama dijei, tulia, dijei kashasema!" mtu akamtania.

"Nimesema hajameza. Kakificha shavuni. Mwangalieni."

Na pale kwenye televisheni yule mwanamke akainama kwenye sinki, akatema. Kibanda kililipuka. "Dijei muongo! Mama yako anajua Kizungu kuliko wewe! Mpe mama kipaza sauti!" Mwenye kibanda alicheka hadi akashika nguzo. Mama naye alicheka, kisha akaniangalia mimi, akaacha kucheka.

Nilimaliza filamu ile sijui namna gani. Mwishoni yule mwanamke na mwanawe wamekaa ndani ya gari mbele ya hospitali, hakuna anayeshuka. Hapo ndipo inapoisha. Mimi nikasema amepona kabisa na amenunua mabasi matatu.

Tulirudi kwa miguu mama na mimi, hadi tukapita kona ya kwetu.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Wiki ya sita sasa."

"Kwa nini, mama?"

Akasimama katikati ya njia. "Si wewe ulisema miezi mitatu? Nilihesabu kwenye kalenda. Miezi mitatu ikaisha, nikajua nimepona. Nikaona nikikuambia utaogopa, basi nikawa naweka mdomoni ili wewe uende kazini kwa amani."

Alikuwa ananilinda. Wiki sita tulikuwa tumesimama jikoni kila asubuhi, kila mmoja akimfanyia mwenzake filamu yenye mwisho mzuri.

"Na usingizi?" nikauliza.

"Umeanza kuruka." Akatazama pembeni. "Juzi niliamka nikatamani kufagia."

Hapo nikamweleza. Nilimweleza barabarani, pikipiki zikipita, kwa mpangilio uleule wa daktari, sikuongeza wala kupunguza. Za muda mrefu. Huenda ni za maisha. Asiache akijisikia mzima. Sauti yangu ilitoka kavu kama ya mtu anayesoma risiti. Hakulia. Alifunga upya khanga yake kiunoni, polepole.

"Maisha," akasema.

"Alisema huenda."

"Usiniwekee huenda."

"Ni yeye aliyesema huenda, mama. Naapa."

"Sasa nitajuaje?" akasema, akatangulia kwenda nyumbani.

Jumatatu asubuhi tulikuwa hospitali. Daktari alikuwa yuleyule. Alipoita, tulisimama wawili. Mama aliniwekea kiganja kifuani, kwa upole tu, kama unavyomzuia ndama.

"Wewe kaa hapa."

"Mama, nitakusaidia kukumbuka."

"Daktari anaongea Kiswahili na mimi naongea Kiswahili. Kaa."

Mlango ukafungwa. Nilikaa kwenye benchi la korido nikisikia sauti mbili bila kusikia maneno. Ya daktari, kisha ya mama, kisha ya mama kwa muda mrefu. Mara moja nilisikia mama akiuliza jambo kwa ukali. Mzee mmoja pembeni yangu alinisalimia akauliza nimemleta nani. Nikasema mama. Akauliza anaumwa nini. Nikafungua mdomo nimpe ile hadithi ya harusi na kuku, maana inachekesha kila mahali, kisha nikasema, "Muulize mwenyewe akitoka."

Alitoka na bahasha ya dawa na karatasi ya tarehe. Alisimama kwenye ndoo ya maji yenye bomba, akajaza kikombe, akatoa kidonge.

"Usiniangalie," akasema.

Nikatazama sakafu. Nilisikia maji yakishuka.

"Kasemaje?" nikauliza.

"Kasema mengi," mama akasema, akaikunja ile karatasi, akaifunga kwenye pindo la khanga yake, wala hakunipa mimi. Tukaondoka.